Kabla ya Kulipia Kamera Iliyotumika, Itoe Juani

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa vijana wanaofunzwa upigaji picha

 

Nimeombwa nizungumze kuhusu kamera ndogo za dijitali zilizotumika, zile zinazoingia mfukoni. Wengi wenu mtaanza kazi kwa pesa za chama au kwa mkopo mdogo, na kamera hiyo ndiyo itakayoulipa. Ikigoma siku ya harusi ya mtu, deni linabaki palepale. Nitaongea juu ya kifaa kimoja tu ndani yake: shata, yaani vile vipande vyembamba ndani ya lenzi vinavyofunguka na kufunga ili mwanga uingie kwa kipimo.

Swali ninaloulizwa kila mara ni, "Imepiga picha ngapi?" Kwa kamera kubwa ni swali la maana. Shata ya Nikon D850 inakadiriwa kuhimili picha 200,000, ya Canon EOS 80D 100,000, na picha ya Nikon hubeba hesabu yake ndani. Ukiifungua kwa programu ya bure iitwayo ExifTool unaiona. Kamera nyingi ndogo hazikupi hesabu hiyo. Muuzaji atakuonyesha jina la picha, tuseme IMG_0412, adai imepiga mia nne na kitu tu. Usikubali. Nambari hiyo ikifika 9999 hurudi mwanzo, mwenye kamera anaweza kuianzisha upya kwenye menyu, na kadi yenye picha za zamani inaweza kuifanya iendelee kutoka mahali pengine kabisa.

Sasa sikilizeni hapa, maana wanunuzi wengi hawalijui. Unapotazama kioo cha nyuma cha kamera ndogo, shata iko wazi. Ukirekodi video, iko wazi pia. Hufanya kazi pale unapobonyeza kupiga picha. Kwa hivyo kamera inaweza kukuonyesha sura safi kiooni, ikarekodi video nzuri, kumbe shata imekufa. Muuzaji akikazana kukuonyesha video, mwambie asante, sasa tupige picha.

Na msipigie ndani ya duka. Kamera ndogo nyingi za miaka ya 2000 zina kipokea mwanga cha aina ya CCD, na shata ndiyo huzuia mwanga wakati picha inasomwa. Ikikwama wazi, picha ya ndani yenye flashi inaweza kuonekana karibu sawa. Ya juani hutoka nyeupe kupindukia, mara nyingi na mistari ya kutoka juu hadi chini. Ikikwama imefungwa, picha huwa nyeusi tii hata kama mlio umesikika. Mlio si ushahidi. Kamera nyingi hizi huutoa kwa spika.

Ugonjwa huu unaweza kuja na kuondoka. Picha ya kwanza baada ya kamera kupumzika inaharibika, kisha ikishapigwa mara kadhaa shata inalegea. Ukimkuta muuzaji ameshaiwasha na anaibonyezabonyeza, omba izimwe, ikae kama dakika kumi, ndipo upige wewe. Elekeza ukuta mweupe wenye jua, si jua lenyewe, upige picha ishirini au thelathini, lenzi ikiwa imerudi ndani na ikiwa imevutwa mbele. Kama inakuruhusu kuchagua kasi, jaribu sehemu ya 1/1000 ya sekunde, halafu uingie kivulini ujaribu sekunde 1 nzima. Zima hali ya kimya kama ipo, kwa sababu inaweza kutumia shata ya kielektroniki na kuficha ubovu wa ile nyingine. Kisha tazama picha zote kwenye kompyuta au simu kubwa. Ukuta ni uleule, hakuna wingu lililopita, na picha moja imetoka tofauti na wenzake? Rudisha kamera.

Utaambiwa shata hubadilishwa. Ni kweli, lakini kwenye kamera ndogo imo ndani ya lenzi, na mara nyingi hubadilishwa lenzi nzima, kwa gharama inayoweza kupita bei ya kamera. Mimi singeichukua hata kwa nusu bei, labda niwe fundi anayetafuta vipuri.

Ukiridhika, dai risiti yenye nambari ya kamera na siku za kuirudisha. Asiyetaka kuandika risiti, mwachieni kamera yake. Kupokea mali unayojua au una sababu ya kuamini kuwa imeibwa ni kosa chini ya kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu.

Hapa mezani kuna kamera tatu. Zote zinaonyesha sura safi kiooni, na moja shata yake ni mbovu. Jua bado lipo. Tutoke nje kwa makundi matatu, mje mniambie ni ipi.