Masika Yanakuja, Mitaro Imeziba

(Hotuba ya Katibu Mwenezi wa tawi, aliyoitoa mbele ya wanachama na wakaaji wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kabla ya mvua za masika.)

Maji yakiingia nyumbani hayaulizi kadi ya mtu, kwa hiyo leo hatukumweka mtu mlangoni wa kuuliza kadi.

Nina habari za mjini za kuwapa, nina madai ya kudai, na mwisho nina neno moja la aibu linaloihusu nyumba yetu wenyewe. Naomba mnivumilie mpaka nifike hapo.

Masika huanza mwezi wa Machi na kuendelea mpaka Mei. Sisi tunaokaa bondeni tunajua kalenda hiyo kuliko mtu yeyote wa mlimani. Mto wetu unaanzia vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, unapita katikati ya mji na kumwaga baharini penye Daraja la Salenda. Njiani unapokea mito mingine, Sinza na Ubungo, na mitaro yote ya vitongoji vilivyo juu yetu. Ndiyo maana pengine jua linawaka hapa kwetu, watoto wanacheza, kumbe Pugu kumenyesha tangu alfajiri. Saa chache baadaye maji yamefika mlangoni. Basi mama asiseme "hapa hapajanyesha." Atazame rangi ya mto. Ukiwa mwekundu na kubeba majani, vitu vipande juu.

Wengi wenu mnakumbuka Desemba 2011. Mvua ilianza tarehe 20, mwisho wa vuli, wakati watu wanajitayarisha kwa Krismasi. Wataalamu wa hali ya hewa walisema mvua ya namna ile haikupata kunyesha hapa tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huu. Wenzetu wengi walilala katika shule za msingi, na baadaye Serikali ikawapa viwanja Mabwepande. Wako waliokwenda wakakaa. Wako waliorudi huku kwa kuwa kule kulikuwa mbali na kazi, mbali na soko, mbali na hospitali. Siwacheki waliorudi. Mtu anayeuza samaki Feri hawezi kula kiwanja.

Aprili 2018 barabara ya Jangwani ilifungwa tena, na mabasi ya mwendo kasi yakasimama ndani ya maji katika karakana yao. Kila mtu aliuliza, nani aliyeamrisha karakana ijengwe palepale penye njia ya maji? Swali hilo ni la haki. Maskini akijenga bondeni huitwa mvamizi, na nyumba yake hupigwa alama nyekundu ya X. Wakubwa wakijenga bondeni, huitwa maendeleo. Ramani ya mji ya mwaka 1979 ilikwisha kulitaja bonde hili kuwa mahali pa hatari pasipofaa kujengwa, na waliokuwa wa kwanza kuisoma walikuwa ni maofisa.

Sasa kuna mpango mkubwa wa bonde. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali mkopo wa dola milioni 200 kwa kazi ya Msimbazi: kupanua mto, kujenga daraja refu na la juu zaidi Jangwani, kuhamisha karakana ile ya mabasi, na kutunza vilima vya Pugu ili udongo usiporomoke na kuujaza mto. Mpango huo tunauunga mkono. Lakini mkopo ni deni, na deni litalipwa na watoto wetu. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza kila shilingi imekwenda wapi, na kila anayehamishwa amelipwa nini. Tena daraja la Jangwani, hata likiwa refu namna gani, halitazibua mtaro ulio nyuma ya nyumba yako.

Hapo ndipo ninapotaka kuja. Mtaro.

Niliposomea ualimu tulifundishwa kwamba mtoto haelewi hesabu mpaka aione kwa vitu. Basi tuhesabu. Chukueni nyumba yenye bati la mita 8 kwa mita 5. Mvua ya milimita 50, ambayo katika masika si mvua ya ajabu, ikinyesha juu ya bati hilo, inaangusha lita 2,000. Hizo ni ndoo 100 za lita ishirini. Nyumba moja! Nyumba hamsini katika uchochoro mmoja ni ndoo 5,000, na zote zinatafuta njia moja ya kutokea. Fikirini watu elfu tano wakitaka kupita mlango mmoja, na mlangoni mmeweka godoro bovu, chupa za plastiki, nepi za watoto na kifusi cha mtu aliyejenga choo kipya.

Wako ndugu wanaosema, "Sisi tunalipa ada ya taka. Kwa nini tushike sepeto?" Neno hili nalisikia kila siku, hata kutoka kwa wanachama wazuri. Nawajibu hivi. Wakati wa ukoloni mji huu uligawanywa: Uzunguni, Uhindini, na kwetu. Mifereji ya maana ilijengwa kwao, kwetu tukaachiwa mchanga na mbu. Baraza la mji la mwaka 1949 lilikuwa la madiwani wa kuteuliwa. Tuliupigania uchaguzi ili tuwe na watu wa kuwauliza, na mwaka 1960 Sheikh Kaluta Amri Abedi akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam. Tangu hapo baraza letu limevunjwa zaidi ya mara moja: mabaraza ya miji yalivunjwa katika mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972 na kurudishwa 1978; mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa, mji ukaendeshwa na Tume mpaka 2000; na mwaka 2021 ikavunjwa tena, Ilala ikapewa hadhi ya Jiji. Majina yamebadilika, vibao vimepakwa rangi mpya. Mtaro ni uleule. Ukingoja vibao vitulie ndipo uzibue, utazibua ukiwa kiunoni mwa maji.

Lakini asiondoke mtu hapa akasema Katibu Mwenezi amewaachilia wakubwa. La! Ada tunayolipa ina kazi yake. Mkutano mkuu wa mtaa una haki ya kusomewa mapato na matumizi. Mkutano ukiitwa, nendeni; usipoitwa, ulizeni kwa maandishi kwa Mtendaji, mkabaki na nakala yenye mhuri. Anayekuja kuchukua ada bila stakabadhi, msimpe. Na mkumbuke watu wa Tabata. Mji ulikuwa ukimwaga taka zake kule, moshi na nzi vikawaingia ndani. Hawakurusha mawe. Walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 1988 Mahakama ikasema Baraza la Jiji halina haki ya kuwafanyia wakaaji wake namna ile. Baadaye Jiji likahamishia taka Kunduchi Mtongani. Watu wa kule nao wakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 1991 nao wakasikilizwa. Walikuwa wakaaji kama sisi.

Na taka za siku hizi zinakwenda dampo la Pugu Kinyamwezi. Masika yakishika, njia ya kule huwa tope, magari yanakwama, na zamu ya gari hapa mtaani inapita bila gari. Lijueni hilo mapema. Tenganisheni mabaki ya chakula na vitu vikavu. Vikavu vinaweza kungoja wiki mbili ndani ya gunia bila kunuka. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini chupa na vifuko vidogo vya karanga bado vinatuziba koo.

Jambo jingine ni gumu kulisema mbele ya wazee, lakini nitalisema. Kutapisha vyoo. Kuna watu wanaongoja mvua kubwa ya usiku, watoboe shimo la choo, liachie kila kitu mtaroni. Wanaona mvua inasaidia kuficha. Asubuhi watoto wa jirani wanavuka maji hayo kwenda shule, na visima vyetu vifupi vinayanywa. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia mji huuhuu wa Dar es Salaam kabla ya kuenea mikoani. Najua sababu: gari la kunyonya ni ghali, na halipiti katika vichochoro vyetu. Basi tusikomee kulaani. Nyumba nne au tano zichange pamoja, waitwe vijana wenye pampu za mkono wanaoweza kupita uchochoroni, na kazi ifanywe sasa, kabla ya Machi, shimo likiwa kavu. Tawi litaandika majina na kupanga zamu. Mwenye nyumba anayekula kodi ya vyumba sita achangie zaidi ya mjane wa chumba kimoja, hilo sitalibembeleza.

Maji ya kunywa yachemsheni masika yote, hata ya bomba, maana mto Ruvu nao hujaa tope wakati wa mvua na mabomba yetu yaliyopasuka hupita ndani ya mitaro. Mafuriko yakianza, zimeni swichi kubwa ya umeme kabla ya kuhamisha godoro. Simu ya Zimamoto na Uokoaji ni 114. Mfundisheni hata mtoto. Vyeti vya watoto, hati na kadi ya kliniki vitieni katika ndoo yenye kifuniko. Mwaka 2011 watu walipoteza vyeti, na wengine walizunguka ofisi baada ya ofisi kutafuta karatasi ya kuthibitisha kwamba wamezaliwa.

Sasa lile neno la aibu.

Juzi mimi na vijana wawili tulifuata mtaro mkubwa kwa miguu tangu barabarani mpaka mtoni, tukiwa na kamba ya kupimia. Juu kule una upana wa hatua tatu. Ukifika nyuma ya ofisi hii tuliyokaa unakuwa hatua moja na nusu, kisha unapanuka tena. Kwa nini? Kwa sababu nusu ya mtaro imekaliwa na kibanda. Kibanda hicho ni cha tawi. Tulikijenga wenyewe, tukampangisha mama lishe, na kodi yake ndiyo inayonunua karatasi na chai ya mikutano. Bendera ya chama iko juu yake.

Nyumba zinazoingiwa na maji kwanza kila mwaka ni zile zilizo juu ya kibanda hicho. Mnazijua. Wenye nyumba hizo wako hapa, na hakuna hata mmoja aliyepata kutulalamikia, na mimi nadhani najua kwa nini: walimwogopa nani, kama si sisi?

Najua hoja za upande wa pili, kwa kuwa nimezisikia katika kamati. Tawi litakosa kodi. Wapinzani watacheka. Mama yule atakwenda wapi? Kodi tutachanga. Wapinzani wacheke, wamekwisha cheka. Kuhusu mama, hoja hiyo ni ya kweli, na mimi nimezungumza naye kabla ya kuja kwenu. Yuko tayari kuhamia baraza ya mbele ya ofisi hii, miezi mitatu bila kodi, kwa sharti kwamba tutambebea meko, meza na mabenchi, na kwamba siku ya kuhama hatapoteza wateja wa asubuhi. Nimemkubalia la meko na la mabenchi. La wateja linawategemea nyinyi mnaokula pale.

Ndugu Mwenyekiti, naomba hoja ya kuvunja kibanda ipigiwe kura sasa hivi, wazi, kwa mikono, mbele ya majirani hawa. Ikipita, tutakutana Jumamosi saa moja asubuhi penye kalavati. Mwenye sepeto aje na sepeto, mwenye reki aje na reki, wenye mkokoteni tuonane baada ya mkutano kwa sababu tunahitaji miwili. Tutaanza na kibanda, kisha tushuke na mtaro mpaka mtoni.