Mutoto anasikia, hata akilala
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Luano)



Mwaka huu mama mmoja aliniletea mutoto wake wa miaka 9. "Huyu anapiga benzake kila siku. Ku masomo banataka kumufukuza. Umusemeshe." Nilikaa naye mara tatu, nikamuonya. Hakuna kilichobadilika. Kosa lilikuwa langu: sikuuliza nyumbani kunapita nini.

Mara ya ine nilimuuliza anaogopa nini. Akajibu: "Usiku baba na mama banagombana. Minajifanya minalala."

Wengi wetu tulirudi kutoka kambi za Zambia, kama Mwange na Kala, tukakuta kazi hakuna, na lupango la zamani lina watu wengine. Feza ikikosa, maneno yanakuwa mengi. Hiyo si aibu. Lakini nyumba ya chumba kimoja haina siri.

Mwaka 1961, kule Marekani, Albert Bandura alionyesha watoto wadogo mtu mkubwa akipiga mdoli. Walipoachwa na mdoli ule, walipiga kuliko watoto ambao hawakuona kitu, wengine kwa maneno yaleyale. Na huyo alikuwa mgeni tu. Je, baba na mama?

Sisemi kila mutoto mkali anatoka nyumba ya ugomvi. Kuko wanaoonewa ku masomo, kuko walioona vita. Njo maana tunauliza kwanza.

Tulikaa na wazazi, pamoja na mzee waliyemchagua wenyewe. Walikubaliana mambo matatu. Maneno ya feza yasemwe mchana, moyo ukiwa umetulia. Mmoja akipandisha sauti, mwingine atoke inje kidogo. Na wakipatana, mutoto aone. Akisikia ugomvi bila kuona mwisho wake, anaweza kuwaza kosa ni lake.

Lakini pakiwa kipigo, hatuanzi na kupatanisha. Tunalinda kwanza anayepigwa. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mutoto hata ndani ya nyumba yake.

Mutoto yule bado ana siku mbaya, ila anasoma, hakufukuzwa. Baba yake aliniambia neno moja tu: "Kumbe alikuwa anasikia."

Bandugu, mukuje mapema, mbele ya barua ya mwalimu. Na mukuje wawili.