Jina la Mtambo na Haki ya Ushuru



Mtambo mzito unaoshindilia udongo wa barabara una majina mengi. Fundi huuita rola. Mpita njia huuita katapila, kama anavyoliita kila dude la chuma linalotembea mahali pa ujenzi. Muuzaji huuita kwa jina la kiwanda kilichouunda. Naye karani wa manunuzi, akitaka kumaliza kazi yake upesi, huandika "mashine ya barabara" akaishia hapo. Majina hayo yote yanatosha kwa mazungumzo ya kila siku. Lakini mtambo huo ukifika bandarini, hakuna hata moja kati yake linaloweza kumwambia Afisa wa Forodha ushuru unaostahili kutozwa. Hapo ndipo linapozuka jambo ambalo wengi hulidharau, wakidhani kuwa ni kazi ya makarani na mawakala tu: nalo ni uainishaji wa bidhaa.

Kuainisha bidhaa ni kuipa mahali pake pa haki katika orodha ya ushuru. Orodha itumikayo leo karibu ulimwenguni kote inatokana na Mkataba uliotiwa saini Brussels mwezi Juni, 1983, ukaanza kutumika tarehe 1 Januari, 1988. Imegawanywa katika Sehemu 21. Sehemu zina Sura, Sura zina mafungu yenye tarakimu nne, na mafungu yana mafungu madogo yenye tarakimu sita. Tarakimu hizo sita ni zile zile katika Dar es Salaam, Mombasa, Rotterdam na Yokohama. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo Umoja wao wa Forodha ulianza kazi tarehe 1 Januari, 2005, zimeongeza tarakimu zao mbili, na juu ya msingi huo zimeweka Ushuru wa Pamoja kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya.

Basi rola inakaa wapi? Sura ya 84 ndiyo yenye mitambo na mashine. Ndani yake kuna fungu la 84.29, linalotaja tingatinga, greda, vijiko vya kuchimbia na mitambo mingine ya jamii hiyo, na mwishoni likataja mitambo ya kushindilia na rola za barabara. Fungu dogo la 8429.40 ndilo makao ya mitambo hiyo ya kushindilia. Lakini fungu hilo lote linaanza kwa sharti moja ambalo msomaji mwenye haraka hulipita: ni lazima mtambo uwe unajiendesha wenyewe. Mtambo wa kushindilia usiojiendesha, kwa mfano rola inayokokotwa na trekta, hauna nafasi hapo. Huo hupelekwa fungu la 84.30, kwenye fungu dogo la 8430.61.

Ikumbukwe kwamba haikuwa hivyo daima. Katika orodha ya zamani ya Brussels, iliyotumika kabla ya mwaka 1988, rola za barabara zinazoendeshwa kwa mashine zilikuwa na fungu lao peke yao, namba 84.09, na mitambo mingine ya kuchimba na kushindilia ilikuwa katika fungu la 84.23. Waliotunga orodha mpya walizikusanya rola pamoja na ndugu zake wa kazi za udongo, wakaweka mpaka mpya baina ya mtambo unaojiendesha na usiojiendesha. Funzo lake ni kwamba namba ya ushuru si jina la asili la kitu. Ni makubaliano ya watu, nayo hubadilika. Orodha hurekebishwa kila baada ya miaka michache, na marekebisho ya mwaka 2022 ni mojawapo. Mtumishi anayenakili namba kutoka katika jalada la miaka kumi iliyopita bila kuithibitisha anafanya kazi ya leo kwa sheria ya jana.

Sasa ichukuliwe mifano michache ili jambo hili lionekane wazi.

Mfano wa kwanza ni wa umbo. Rola zinatofautiana. Iko yenye gurudumu la chuma laini. Iko yenye vijiguu vya chuma vinavyopenya ardhini, ambavyo mafundi huvifananisha na miguu ya kondoo. Iko yenye matairi mazito ya mpira. Na iko yenye mtetemo. Kazi zake pia hazilingani, maana udongo wa mfinyanzi hutaka vijiguu hivyo, na changarawe hushikana vizuri zaidi kwa mtetemo. Hata hivyo, tofauti hizo ni za mhandisi. Kwa tarakimu sita za forodha, zote zinazojiendesha ni jamaa wa nyumba moja.

Mfano wa pili ni wa kazi. Mwalimu mkuu akiagiza rola ya kusawazisha uwanja wa mpira wa shule, asidhani kwamba inafuata ile ya barabara kwa sababu tu zote huviringika. Rola za bustani na viwanja vya michezo zimetajwa waziwazi katika fungu la 84.32, pamoja na mashine za kilimo. Hapo kinachoamua ni kazi ambayo kitu kimeundiwa.

Mfano wa tatu ni wa trekta. Trekta likifika bandarini pamoja na rola ya kukokotwa, hata kama vimefungwa pamoja, havihesabiwi kuwa mtambo mmoja unaojiendesha. Maelezo ya Sura ya 87 yanasema kwamba vifaa vya kazi vinavyoweza kufungwa na kufunguliwa kwenye trekta hubaki katika mafungu yake vyenyewe. Trekta litakwenda 87.01, na rola itakwenda 84.30. Vivyo hivyo, chombo cha kazi kilichopachikwa juu ya fremu kamili ya lori, yenye injini yake, giaboksi yake, usukani wake na breki zake, huangaliwa kwa jicho jingine, kwani huenda kikawa gari la shughuli maalumu la fungu la 87.05. Bali pale ambapo sehemu ya kuendeshea na sehemu ya kufanyia kazi zimeundwa kwa ajili ya kila moja zikawa kitu kimoja, mtambo hubaki katika Sura ya 84.

Mfano wa nne ni wa vipuri. Rola ikiletwa ndani ya masanduku, imefunguliwa ili kurahisisha usafirishaji, huainishwa kama rola kamili iwapo vipande vyake vimewasilishwa pamoja. Ndivyo isemavyo kanuni ya pili ya tafsiri. Lakini vipuri vinavyokuja peke yake baadaye vina njia yake. Gurudumu la chuma lisilofaa ila kwa rola litakwenda fungu la 84.31. Injini ya dizeli itakwenda 84.08, pampu 84.13, beringi 84.82, na tairi la mpira litakwenda Sura ya 40. Anayeandika "vipuri vya rola" kwa shehena nzima amechanganya mchele na chuya, na mwenye kupepeta ni mwingine.

Huenda mtu akauliza: ikiwa Ushuru wa Pamoja wa Afrika Mashariki umeweka asilimia 0 kwa bidhaa za mtaji, ugomvi huu wote ni wa nini? Jibu ni kwamba asilimia 0 haikutolewa kwa kila chuma kilichopakwa rangi ya manjano. Ipo pia asilimia 10 kwa bidhaa zilizofikia hatua ya kati, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika; na tangu tarehe 1 Julai, 2022, iko asilimia 35 kwa bidhaa kadhaa zilizoteuliwa. Mlango unaomwingiza mtambo wa kujengea barabara bila ushuru ndio huo huo ambao mdanganyifu angependa kupitisha lori la biashara au shehena ya matairi. Afisa akilegeza uainishaji kwa sababu "mitambo haitozwi," atakuwa ameuacha wazi mlango ambao wananchi waliufungua kwa ajili ya barabara zao. Na akikaza bila kusoma, akautoza mtambo halali kama gari, gharama hiyo haitabaki kwa mwagizaji. Itaingia katika bei ya kila kilomita ya barabara, na atakayeilipa mwishowe ni mkulima anayesubiri barabara ili mazao yake yafike sokoni.

Tena kuna haki baina ya watu. Mkandarasi mkubwa ana wakala hodari na mwanasheria. Mkandarasi mdogo wa wilayani hana. Ikiwa mtambo ule ule unapata namba moja kwa huyu na namba nyingine kwa yule, sheria imegeuka kuwa bahati. Kanuni za tafsiri ziliwekwa kuzuia jambo hilo hasa. Kanuni ya kwanza inaagiza kwamba maneno ya mafungu na maelezo ya Sehemu na Sura ndiyo yanayoamua. Vichwa vya Sura ni vya kuongoza tu. Havikutajwa humo bei, wala jina la kiwanda, wala heshima ya mwagizaji.

Kwa hiyo basi, lawama zote zisirundikwe bandarini. Mwanzo wa ngoma ni lele, na kosa la forodha aghalabu huanzia katika ofisi ya manunuzi. Hati ya kuagizia ikisema tu "mashine ya barabara," ankara itasema hivyo hivyo, wakala atakisia, na afisa naye atakisia juu ya makisio. Lakini hati ikieleza kwamba unaagizwa mtambo wa kushindilia udongo, unaojiendesha kwa injini ya dizeli, wenye gurudumu moja la chuma lenye mtetemo, usiofungwa juu ya fremu ya lori, na ikaambatanishwa na kitabu cha maelezo cha kiwanda, shauri litakuwa limekwisha nusu kabla meli haijang'oa nanga.

Na ambaye hakuridhika na uamuzi anayo njia ya sheria. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa siku 30 za kumwomba Kamishna aupitie upya uamuzi huo, na baada ya hapo iko njia ya rufani. Kadhalika Forodha inaweza kukagua nyaraka kwa muda wa miaka 5 baada ya bidhaa kuingia. Jalada lililotunzwa vizuri ndilo shahidi wa mtumishi mwaminifu siku hiyo.

Walimu nao wana sehemu yao. Kijana anayefundishwa kutofautisha mbuzi na kondoo kwa sifa zake, si kwa mazoea, amekwisha kuanza somo la uainishaji. Akifundishwa pia kusoma sharti dogo lililo mwanzoni mwa sentensi ndefu, kama lile neno "unaojiendesha," atakuwa raia asiyepotoshwa na hati. Barabara imara hujengwa kwa udongo ulioshindiliwa tabaka kwa tabaka. Utumishi wa haki nao hujengwa hivyo hivyo, hati kwa hati, kila moja ikiwa imeandikwa kwa ukweli na kusomwa kwa makini.