Barua Kabla ya Kamanda: Kumfundisha Mwanafunzi wa Habari Kuomba Kumbukumbu za Polisi



Wanafunzi wetu wengi huwafahamu polisi kwa njia moja tu. Wanafuatana na waandishi wakongwe ofisini kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, wananyoosha simu kurekodi, kisha wanarudi na taarifa ileile waliyonayo wote. Kauli ya Kamanda ni habari, sikatai. Lakini ni habari aliyoichagua yeye. Kuomba nyaraka ni kazi nyingine, nayo hatuifundishi ipasavyo.

Sheria ipo. Ibara ya 18 ya Katiba inatoa haki ya kutafuta na kupokea habari, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu: unaandika maombi, unayapeleka kwa taasisi yenye taarifa, nayo ina siku 30 za kujibu. Haki hiyo ni ya raia tu, na sheria yenyewe ni ya Tanzania Bara. Atakayekwenda kufanya kazi Unguja asiitegemee huko.

Kikwazo ni kifungu cha 6. Taarifa inayoweza kuvuruga upelelezi unaoendelea au kuhatarisha maisha ya mtu inaweza kuzuiwa, na mimi naona ni sawa. Mwanafunzi anayeomba jalada la kesi iliyofunguliwa wiki jana anajitafutia jibu la hapana. Aombe kilichokwisha, au kinachohesabika.

Chukueni ajali ya Februari 24, 2024, pale Kibaoni, Ngaramtoni, lori lilipoyagonga magari mengine katika barabara ya Arusha–Namanga na watu 25 wakafa. Kila chombo kiliandika vifo hivyo. Swali la kuombea nyaraka linakuja baadaye: katika kipande hicho cha barabara, kwa miaka mitano, mwaka kwa mwaka, zimetokea ajali ngapi, na madereva wangapi wamefikishwa mahakamani? Hakuna upelelezi utakaoharibika kwa kujibu hilo. Ila kwanza mwanafunzi asome ripoti za uhalifu na ajali ambazo Jeshi la Polisi limekuwa likizitoa pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Ofisa akimwambia “mbona hiyo tulishaitoa”, ataona aibu bure.

Tena, karatasi nyingi zinazoanzia polisi huonekana zikifika mahakamani. Godbless Lema, wakati huo mbunge wa Arusha Mjini, alikaa Gereza la Kisongo, hapa hapa tulipokutana, tangu Novemba 2016 hadi Machi 2017 akisubiri dhamana. Aliyetaka kujua dhamana imekwama wapi hakuhitaji kumpigia simu polisi yeyote. Ilikwama kwenye notisi ya rufaa ya upande wa mashtaka, na mabishano yote yalikuwa ndani ya maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani. Leo maamuzi ya namna hiyo yanasomwa bure kwenye mtandao wa TanzLII. Sijui kwa nini hatuanzi somo la habari za uhalifu hapo.

Turudi kwenye maombi: mwanafunzi akinyimwa taarifa, Sheria ya Upatikanaji wa Habari inamruhusu kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, kisha kukata rufaa kwa Waziri. Huu ndio udhaifu mkubwa wa sheria hii: rufaa ya kunyimwa taarifa na serikali inaamuliwa na mtu wa serikali, si chombo huru. Wanafunzi waambiwe hivyo waziwazi.

Napendekeza zoezi. Wiki ya pili ya muhula, kila mwanafunzi apeleke barua yake ya maombi kwenye masijala ya polisi, akiwa na nakala ya kugongwa mhuri wa kupokelewa, maana bila mhuri ule siku 30 hazina pa kuanzia. Barua itaje kipindi, eneo na aina ya kumbukumbu, isizidi ukurasa mmoja, na isihubiri juu ya uhuru wa habari. Alama zitolewe kwa barua, si kwa jibu. Polisi wakikaa kimya, aandike maombi ya mapitio, nayo yasahihishwe.