TUZO ZA TELEVISHENI NA WATENDAJI WASIOONEKANA
(Nakala ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Mtazamaji wa televisheni humjua msomaji wa habari kwa jina na kwa sura. Aliyepanga taa, aliyenasa sauti, aliyeshona maleba na aliyekesha mtamboni hawajui. Zipo nchi zilizoweka utaratibu wa kuwatunuku watendaji hao, na utaratibu wa Marekani, unaojulikana kwa jina la Emmy, unastahili kuangaliwa kwa makini.

Tuzo hizo zilitolewa kwa mara ya kwanza mjini Los Angeles tarehe 25 Januari, 1949. Usiku huo zilitolewa tuzo sita tu. Mmoja wa waliotunukiwa alikuwa Shirley Dinsdale, msanii kijana aliyewafurahisha watoto kwa kumsemesha mwanasesere. Tuzo nyingine ilikuwa ya ufundi, na nyingine alipewa Louis McManus, mhandisi aliyebuni sanamu yenyewe ya tuzo. Hivyo tangu siku ya kwanza fundi alikaa safu moja na msanii.

Jina la tuzo nalo lina asili ya ufundi. Ndani ya kamera za wakati huo mlikuwa na kifaa cha kupokelea picha ambacho mafundi walikiita kwa mkato "Immy". Kwa kuwa sanamu ni ya mwanamke, jina likageuzwa kuwa Emmy. Mwanamke huyo ana mbawa na ameinua atomu. Mbawa ni alama ya sanaa. Atomu ni alama ya sayansi.

Kazi za televisheni zilipoongezeka, tuzo nyingi za uhariri, sauti, maleba na mapambo zilitengewa hafla yake, inayotangulia hafla kuu. Utaratibu huo una pande mbili. Watendaji wengi zaidi hupata kuitwa mbele kwa majina. Lakini hafla kuu, ya waigizaji mashuhuri, ndiyo inayotazamwa na umma mkubwa.

Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilitunukiwa kwa mtambo wa kunasia picha za televisheni katika utepe. Kabla ya hapo, kipindi cha moja kwa moja kilihifadhiwa kwa kupigwa filamu kutoka kwenye kioo cha televisheni, na picha ilififia.

Mfano unaowahusu zaidi watumishi wa umma ni wa mwaka 1980. Idara ya Serikali ya Marekani iliyosimamia vipimo na viwango ilikuwa ikitafuta njia ya kupeleka saa sahihi kupitia mawimbi ya televisheni. Shirika la utangazaji la ABC likaona kuwa njia hiyo ingeweza kubeba pia maandishi kwa ajili ya viziwi. Majaribio yalionyeshwa hadharani mwaka 1971 na 1972. Mwaka 1976 mstari wa 21 wa mawimbi ya picha, usioonekana na mtazamaji wa kawaida, ulitengwa kwa kazi hiyo. Matangazo ya kawaida yenye maandishi hayo yalianza tarehe 16 Machi, 1980, na mwaka huo huo idara hiyo, ABC na shirika la PBS walitunukiwa Emmy. Hata hivyo kiziwi alilazimika kununua kifaa cha pekee, mpaka sheria ya mwaka 1990 ilipotaka televisheni mpya za inchi 13 na zaidi ziuzwe zikiwa na uwezo huo, kuanzia Julai, 1993.

Ndugu Wananchi, tuzo iliheshimu kazi. Sheria ndiyo iliyomfikishia kila kiziwi matunda yake. Yote mawili yanahitajika.

Zanzibar ilianzisha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, takriban miaka 20 kabla ya Tanzania Bara kuwa na vituo vyake mwaka 1994. Kazi hiyo ilikuwa na mafundi, wapiga picha na washonaji. Inafaa majina yao yaandikwe na yatunzwe wakati wapo wanaoyakumbuka, na inafaa kila anayepanga kipindi leo ajiulize iwapo kiziwi wa Pemba na wa Unguja naye atakifahamu. Mcheza kwao hutunzwa. Na anayeshika taa ili mchezo uonekane naye ana haki ya kutunzwa.