Mwanafunzi wa Uuguzi Akija Nyumbani Kwako

Leo tuongee juu ya wale vijana wenye sare wanaokuja huku Longech na daftari mkononi: wanafunzi wa uuguzi, wengine wao wa chuo cha KMTC kule Lodwar. Akina mama huniuliza, "Sista, kwa nini huyu mtoto wa juzi aje kujifunzia kwa mwanangu?" Ni haki yenu kuuliza. Nitajibu kwa kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa mwanafunzi nilimfundisha mama mmoja kutengeneza maji ya ORS, mtoto wake akiharisha. Nilisema yote niliyoandika darasani, neno kwa neno. Nikamwuliza, "Umeelewa, mama?" Akajibu, "Ndiyo." Nikaondoka nikiwa nimeridhika. Kesho yake mtoto alirudishwa, ana kiu kali, analia, hatulii. Pakiti ilikuwa ya lita moja, naye mama aliimimina yote katika chupa ya soda ya mililita 300, kwa kuwa ndiyo chupa aliyokuwa nayo. Chumvi ilizidi zaidi ya mara tatu. Chumvi ikizidi hivyo mtoto anaweza kupata degedege, hata kufa. Yule alitibiwa akapona, namshukuru Mungu hadi leo.

Muuguzi aliyenisimamia hakunigombeza. Aliniuliza mambo mawili tu: "Ulimwona akichanganya? Na nyumbani kwake kuna chombo gani?" Sikuwa na jibu. Akanituma niende nikajue mwenyewe. Siku ile nilijifunza kuliko muhula mzima wa kunakili.

Ndivyo wauguzi wanavyopaswa kufundishwa siku hizi. Mwanafunzi hupewa shida ya mgonjwa, aifikirie na wenzake, ajaribu kwanza kwa mwanasesere, kisha arudie mbele ya mwalimu mpaka mikono izoee. Hata wauguzi wa zamani walifikiwa: mwaka wa 2005 AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo ya kompyuta, ili wenye cheti wasomee diploma bila kuacha kazi.

Sasa, mama, njia hiyo ni yako pia. Mwanafunzi akimaliza kueleza, usiitikie tu kwa heshima (najua, hatupendi kumwaibisha mgeni). Mwambie, "Lete hiyo pakiti, nichanganye mimi, wewe utazame." Toa chombo chako unachotumia kila siku. Mwambie asome kwenye pakiti kama ni ya nusu lita au ya lita moja, maana zote zipo, kisha akupimie na kutia alama pale maji yanapofika.

Mwulize pia utumie maji gani. Hapa kwetu hilo ni jambo kubwa. Maji ya ziwa yana chumvi na magadi. Kuyachemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi. Chukua maji ya kunywa yasiyo na chumvi, uyachemshe, yapoe. ORS ikipita saa 24, imwage. Mwanafunzi akikosa jibu, mwache akamwulize msimamizi wake, kisha arudi akuambie. Hatasahau tena.

Vivyo hivyo na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Usimwachie yeye kila mara, uushike wewe. Rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, ni kwenda kliniki siku hiyo hiyo.

Na kama ni sindano au jambo linalokutia hofu, sema, "Msimamizi wako yuko wapi?" Unaweza pia kukataa, na mtoto wako hatanyimwa matibabu kwa sababu hiyo.

Mtoto anayeharisha mpe ORS kila baada ya choo, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kumekoma. Lakini akishindwa kunywa, macho yakiingia ndani, akilegea au choo kikiwa na damu, usingoje mashua ya kesho. Njoo kliniki usiku huo huo, na njiani endelea kumpa ORS kwa kijiko ikiwa anaweza kumeza.

Haya, akina mama, tuonane wiki ijayo.