Nakala kwa Kila Mmoja: Kwa Nini Vijana wa Kyela Tujifunze Git

(Maneno niliyotoa kwenye kikao cha vijana wa chama, kata ya Makwale. Nayaweka hapa kwa wale walioomba.)



Nimeombwa nizungumzie teknolojia na siasa. Najua wengi mnategemea niseme namna ya kurekodi video ikasambaa. Hapana. Hilo mnalijua kuliko mimi. Leo nataka tuongee jinsi wanaoandika programu za kompyuta wanavyofanya kazi moja watu mia, watu elfu, wako nchi tofauti, na bado kila mtu anajua nani kabadilisha nini, lini, na kwa sababu gani.

Mimi nasoma sheria, si mtu wa kuandika programu. Lakini kadiri ninavyosoma sheria ya ushahidi, ndivyo ninavyoona hawa jamaa wametatua tatizo ambalo sisi wapinzani tunalo kila uchaguzi: kumbukumbu zetu zinakaa mahali pamoja, kwa mtu mmoja. Mahali hapo pakivamiwa, au mtu huyo akihama chama, tumebaki na maneno matupu.

Mkumbuke Oktoba 2015. Siku chache baada ya kura, polisi waliingia kwenye kituo cha waangalizi wa uchaguzi wa TACCEO, chini ya LHRC, Dar es Salaam. Wafanyakazi 36 walikamatwa, kompyuta na simu zikachukuliwa. Sasa njoo karibu. Mei 2025 mtandao wa X ulifungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya kupiga kura, intaneti ikazimwa nchi nzima. Hata kujua kama ndugu yako wa Mbeya mjini ni mzima ilikuwa shida. Kumbukumbu inayotegemea seva moja au mtandao mmoja, kwetu si kumbukumbu. Ni bahati tu.

Sasa Git ni nini?

Git ni programu ya bure iliyotengenezwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Yeye na wenzake walikuwa wanatengeneza mfumo wa Linux, na chombo walichokuwa wanatumia kutunza mabadiliko kilikuwa mali ya kampuni. Kampuni ikaondoa ruhusa ya kukitumia bure. Hakukaa kulalamika, akatengeneza cha kwake. Leo kampuni kubwa na watoto wa chuo wanatumia kitu hicho hicho.

Inafanyaje kazi? Mkulima wa kakao hapa Kyela ataelewa upesi kuliko profesa. Ukipima kakao yako, karani anaandika kwenye daftari lake, na wewe unapewa risiti. Siku mkibishana kuhusu kilo, daftari la karani halisemi peke yake. Una karatasi yako. Git imechukua wazo hilo ikalisukuma mbele zaidi: kila mshiriki hapewi risiti ya siku moja, anapewa daftari zima, tangu ukurasa wa kwanza. Wakiwa watu ishirini, madaftari kamili ni ishirini. Ukichukua laptopu moja, umebakiza kumi na tisa. Na kazi inaendelea hata intaneti ikiwa imezimwa. Mtandao ukirudi, au mkikutana na flashi, mnaunganisha.

Jambo la pili: kila badiliko linapewa alama ya herufi na tarakimu, inayokokotolewa kutoka kwenye maandishi yenyewe pamoja na alama ya badiliko lililotangulia. Ukienda kichinichini ukabadilisha namba moja ya mwezi uliopita, alama zote zilizofuata zinageuka. Nakala yako haitafanana tena na za wenzako, na watakuuliza. Niwe mkweli: jina na tarehe mtu anaweza kuandika za uongo. Ndiyo maana nguvu ya Git haiko kwenye kompyuta moja, iko kwenye wingi wa nakala mikononi mwa watu tofauti.

La tatu ni matawi. Ndiyo, na wao wanaita tawi! Mtu anayetaka kubadilisha kitu anafungua tawi lake, anajaribu huko, halafu anaomba kazi yake iunganishwe. Wenzake wanaisoma mstari kwa mstari, wanakosoa kwa maandishi, ndipo inapitishwa. Yaani hata mwenyekiti kazi yake inakaguliwa. Jamani, hebu tuseme ukweli, si ndiyo demokrasia tunayoidai nje na mara nyingine hatuifanyi ndani?

Mtasema, hayo ni ya wazungu. Hapana. Januari 2008, Kenya ikiwa inawaka baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, mwanasheria na mwanablogu Ory Okolloh na wenzake, akina Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walijenga Ushahidi ndani ya siku chache. Wananchi walituma taarifa za vurugu, zikaonekana kwenye ramani. Kwa kuwa programu yenyewe iliachwa wazi watu wengine waichukue na kuiboresha, mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko. Mwanasheria na waandika programu, meza moja.

Hapo hapo Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliamuru Tume ya Uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikutekeleza ipasavyo, na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa. Mwaka 2022 Tume iliweka hadharani picha za fomu za matokeo za vituo, vituo vyote vikiwa 46,229. Mwananchi yeyote mwenye simu aliweza kupakua na kujumlisha. Upande uliotangazwa kushindwa ulikwenda mahakamani na ukashindwa, ni kweli. Lakini walibishana juu ya karatasi ambazo kila mtu amezishika.

Kwetu je? Ibara ya 41(7) ya Katiba inasema Tume ikishamtangaza mtu kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi huo. Mahakama ya Afrika pale Arusha, Julai 2020, ilisema ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Ibara bado ipo. Maana yake hapa kwetu hakuna jaji wa kumwomba aamuru seva ifunguliwe. Kumbukumbu lazima iwe imeshakamilika, na iko kwa wengi, kabla ya kutangazwa.

Na zipo kesi nyingine, za ubunge na udiwani, ambazo mahakama inazisikiliza. Hapo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inatuhusu. Mahakama ikipima uzito wa ushahidi wa kielektroniki inaangalia ulitengenezwaje, ulitunzwaje, na kama uadilifu wake umelindwa. Picha iliyozunguka makundi kumi ya WhatsApp haijulikani nani kaipiga. Picha ile ile, iliyoingizwa kwenye daftari la Git usiku ule ule, ikiwa na maelezo ya aliyeipiga, na nakala kwa mawakala ishirini, ina la kusema. Haishindi kesi yenyewe, lakini inampa wakili pa kusimama.

Uchaguzi bado uko mbali, kwa hiyo tuanze na kazi ndogo: sheria zenyewe. Mmeshawahi kusoma muswada wa Marekebisho ya Sheria Mbalimbali? Unasema "futa maneno haya, weka haya, ongeza kifungu kidogo". Mtu wa kawaida haoni kitu. Kwa njia hiyo, mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ilirekebishwa, ikamtaka anayefungua shauri aeleze jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Mlango wa kesi za kutetea umma ukabanwa, na wengi walijua baadaye. Weka sheria ya zamani na mpya ndani ya Git, na kwa amri moja unaona kilichotolewa kwa rangi nyekundu na kilichoingia kwa kijani. Ujerumani mwaka 2012 kuna waliofanya hivyo kwa sheria zote za shirikisho. Sisi tunaweza kuanza na sheria tano tu zinazotugusa hapa: ardhi, ushirika, vyama vya siasa, uchaguzi, makosa ya mtandao.

Vifaa? Git ni bure. Kwenye simu janja ya Android inaingia kupitia programu ya Termux. Pa kuhifadhi mtandaoni kuna GitHub, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2018. Ila mkumbuke mwaka 2019 GitHub iliwafungia watumiaji wa Iran kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Kwa hiyo msitegemee mlango mmoja. Ipo GitLab, ipo Codeberg ya Berlin, na unaweza hata kuweka seva yenu wenyewe.

Sasa tahadhari, na hapa naongea kama mtu wa sheria. Git haisahau. Usiingize nywila, usiingize namba za simu, usiingize orodha ya wanachama. Ukishaiingiza, kuifuta kwenye nakala za watu wote ni kazi ngumu, na ikiangukia mikono mibaya, watu wetu ndio watakaogongewa mlango usiku. Pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, ina adhabu kwa anayechapisha taarifa anazojua ni za uongo kwa nia ya kupotosha umma. Andika ulichokiona. Usijumlishe usichonacho.

Na hata ukifuata sheria unaweza kusumbuliwa. Mei 2025 Rose Njeri wa Kenya alikamatwa kwa sababu alitengeneza tovuti ya kuwasaidia wananchi kutuma maoni yao bungeni kuhusu Muswada wa Fedha. Alilala mahabusu sikukuu nzima ya Madaraka. Tarehe 20 Juni mahakama ilisema mashtaka hayaonyeshi kosa lolote, akaachiwa. Kilichomsaidia ni kwamba kazi yake ilikuwa wazi, kila mtu aliona inafanya nini, na mawakili walijitokeza. Uwazi wa kazi, siri ya majina ya watu wetu. Mkichanganya hivyo viwili tumekwisha.

Ombi langu ni moja. Kikao kijacho kila tawi lilete watu wawili, angalau mmoja awe dada, na laptopu moja au simu yenye chaji. Tutaanza na Sheria ya Vyama vya Siasa, ile ya zamani na marekebisho ya 2019, mstari kwa mstari. Mtakaporudi nyumbani kila mmoja atakuwa na nakala nzima.